Gitaa Zito Kuliko Yote Dukani

Jumamosi, tarehe 3 Agosti

Binti anaondoka tarehe 19 kwenda chuo. Mbali. Basi linaondoka asubuhi na kufika usiku. Mke wangu ameandaa sherehe ya kumuaga, Jumamosi ya tarehe 17, saa tisa alasiri, ukumbi wa maktaba ya mtaa. Nimeupima ukumbi. Watu sitini wanaenea, sabini wakiwa wanapendana.

Binti ataimba wimbo mmoja. Kautunga mwenyewe. Leo nimemuuliza nani atampigia gitaa. Akasema Mjomba. Nikamuuliza kama amewafikiria wengine. Akauliza wengine gani. Nikasema watu kwa ujumla.

Huyo Mjomba ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, daktari wa meno. Ana gitaa la mbao tangu ujana wake. Hulipiga kama anavyong'oa jino, huku anakutazama usoni aone kama umeumia. Kila sherehe ya ukoo huu ni yeye mbele na gitaa lake. Mimi hupewa kazi ya kupanga viti.

Mazoezi yanafanyika sebuleni kwangu na mlango umefungwa. Leo niliwagongea nikiwa na chai. Binti akafungua kidogo tu, akapokea sinia kwa mkono wa kushoto (ana shoto, kama marehemu bibi yake), akasema asante Baba, akafunga. Nikabaki naangalia kitasa. Miaka kumi na tisa nimemlea. Imeniuma sana. Naandika waziwazi kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu.

Uamuzi: nanunua gitaa. La umeme! La umeme hulifunika la mbao kama halipo. Nina siku kumi na nne. Watu wamejifunza udereva kwa muda mfupi kuliko huo.

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Siku ya kuuliza ushauri. Kinyozi anasema gitaa huchaguliwa kwa rangi. Jirani wa juu anasema huchaguliwa kwa masikio, na kwamba anatumaini mimi sina mpango wa kununua. Mke wangu anasema huchaguliwa na mtu anayejua kupiga.

Kila mmoja na lake. Mimi nina kipimo changu. Mimi ni mkaguzi wa mizani na vipimo, mwaka wa ishirini na mbili kazini. Nimepima mchele, misumari, dhahabu na mawe yaliyokuwa yakiuzwa kama dhahabu. Jambo moja halijawahi kuniangusha: kitu kizuri kina uzito. Nyundo nzuri ni nzito. Sufuria nzuri ni nzito. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga, na nadhani walikuwa wakaguzi.

Hata mfuko wa shule wa Binti niliupima kila Jumatatu asubuhi mlangoni, tangu darasa la kwanza hadi mwaka wa mwisho. Kumbukumbu zote ninazo.

Mchana Shemeji aliliegemeza gitaa lake ukutani sebuleni akaenda kunawa mikono. Nikalitundika haraka kwenye mizani yangu ya ndoana. Kilo moja na gramu mia nane. Nilijua tu. Nililirudisha ukutani kabla hajafunga bomba.

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Baada ya kazi nimekwenda duka la magitaa. Nilikuwa bado na koti la kazini, beji kifuani, mizani ya ofisi begani.

Muuza magitaa ni mtu mwembamba wa makamo, mwenye kucha ndefu mkono mmoja tu. Aliponiona akainuka, akaitoa leseni ya duka ukutani, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati na kunikabidhi. Nikamwambia nimekuja kama mteja wa kawaida. Akashusha pumzi. Akauliza napenda muziki gani. Nikasema wa kusikika.

Akaanza somo. Kwamba anayeanza akae na gitaa pajani kwanza, aone kama mkono unaizunguka shingo yake bila shida. Kwamba nyuzi zisiwe juu sana ya mbao, vidole vitaumia. Kwamba liwe jepesi, bega lisichoke. Akanipa moja la buluu, kilo mbili na gramu mia tisa. Kisha akanionyesha amplifaya ndogo kama kopo la biskuti, yenye tundu la kuchomeka visikilizio, ili nijifunze bila kugombana na majirani. Nikamuuliza nani atanisikia kama sauti yote iko masikioni mwangu. Akasema ndiyo faida yenyewe.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lile la buluu lilikuwa linatembezwa. Nikatoa mizani, nikafunga ndoana kwenye ngazi yake, nikaanza kuyapima moja baada ya jingine. Aliingia mteja, akaona gitaa linaning'inia shingoni na mtu wa beji anaandika pembeni. Akatoka bila kuuliza. Muuza magitaa akaniomba niharakishe.

La kumi na moja lilikuwa jeusi, juu kabisa, limejaa vumbi. Kilo tano na gramu mia mbili! Nikaipigia namba hiyo mstari. Muuza magitaa akasema lile limekaa ukutani miaka minne kwa sababu limetengenezwa kwa ajili ya watu wa shoto. Nikamjibu kwamba mkono ni mazoea, uzito ni ukweli. Akarudia mara tatu, mara ya tatu polepole kama ninavyosemeshwa na mama mkwe. Kadiri alivyonikataza ndivyo nilivyogundua kwamba analitaka mwenyewe.

Amplifaya nayo nikachukua nzito kuliko zote, kilo thelathini na moja. Akasema hiyo ni ya kumbi za muziki na hubebwa na watu wawili. Nikaibeba peke yangu hadi mlangoni. Kutoka mlangoni niliendelea na dereva wa teksi.

Alitaka pia kuniuzia waya wa kuunganisha. Gramu mia mbili. Sikuona sababu ya kununua kitu chepesi hivyo.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Jana sikuandika. Nilikuwa nasubiri amplifaya ipate moto.

Iliwaka taa nyekundu saa kumi na mbili jioni. Nilipiga nyuzi zote, moja moja na kwa pamoja. Hakuna sauti. Nikafikiri labda kitu cha uzito ule kinahitaji muda. Baada ya saa moja mke wangu akapita na ndoo ya nguo, akasimama, akauliza kama vitu viwili vile havitakiwi kuunganishwa na kitu fulani.

Leo nimerudi dukani. Muuza magitaa alikuwa ameshaufunga waya kwenye mfuko, ameuweka juu ya kaunta.

Nimenunua na kitabu cha mafunzo. Ukurasa wa kwanza unaitwa Siku ya Kwanza. Una picha ya mtu anayetabasamu na gitaa lake. Nimekaa kama yeye. Nimeshika kama yeye. Lakini vifundo vya sauti vya gitaa langu viko juu, vinanichoma mkono, na uzi mnene uko mahali ulipo mwembamba wa kwake. Nimekipindua kitabu. Afadhali kidogo, ila sasa maandishi hayasomeki.

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Nimeitwa na Mkuu wa idara. Ofisi imepokea malalamiko. Akauliza ni kweli nimepima magitaa. Nikasema kumi na moja. Akauliza kwa sheria ipi. Nikasema hilo ndilo pengo ninalokusudia kuliandikia. Akafumba macho kidogo. Kisha akaagiza kwamba kuanzia leo mizani ya ofisi ibaki ofisini baada ya saa za kazi.

Koleo la lakiri hakulitaja. Nimerudi nalo nyumbani.

Lakiri ni waya mwembamba na kidonge cha madini ya risasi kinachobanwa kwa koleo hilo. Mizani ikipunja, naifunga nayo isitumike. Haikatwi mpaka kosa lirekebishwe na fundi mwenye kibali, na anayeikata kabla ya hapo ametenda kosa. Katika miaka ishirini na mbili sijawahi kukata lakiri kabla ya wakati wake. Niliwahi kuifunga mizani ya mama yangu mzazi, kwenye meza yake ya vitunguu sokoni. Jioni alinipikia kama kawaida. Hakunisemesha kwa mwezi mmoja.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Zimebaki siku saba. Leo nimeipima amplifaya rasmi.

Ina kifundo cha sauti chenye namba, sifuri hadi kumi. Kwenye moja: sauti ya watu wawili wakizungumza. Kwenye mbili: mke wangu akatoka bafuni na sabuni kichwani. Kwenye tatu: picha ya arusi yetu ikaanguka, na jirani wa juu akashuka kuuliza kama tuko hai.

Kwa hiyo kifaa kinasoma tatu na kutoa kumi. Mwenye duka la nyama angefanya hivyo ningemfungia siku hiyo hiyo. Nilikaa nikafikiri. Sheria haina shangazi. Nikakirudisha kifundo kwenye sifuri, nikazungusha waya, nikakaza, nikabana risasi. Nikajaza fomu. Jina la mkaguzi: mimi. Jina la mmiliki: mimi. Nimemfahamisha mmiliki kwa mdomo. Hakufurahi.

Mke wangu ameuliza sasa nitapigaje. Nikamwambia sheria kwanza, starehe baadaye. Akaendelea kukunja nguo.

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Shemeji amekuja kwa mazoezi akanikuta kwenye kiti changu na gitaa. Alisimama mlangoni. Akatoa miwani, akaifuta, akavaa tena. Halafu akacheka mpaka akakaa chini.

Alipopata pumzi akanieleza, kwa ile sauti anayotumia kumwambia mtu jino limeoza, kwamba nimenunua gitaa la shoto na nalishika juu chini. Nikamwambia la kwake lina kilo moja na gramu mia nane. Akauliza nimejuaje. Nikabadili mazungumzo.

Binti akatoka kuangalia kuna nini. Nilikuwa nimeliweka gitaa kitini ili nimwonyeshe Shemeji kitabu. Binti akalinyanyua apate kukaa. Akaliweka pajani. Likakaa. Mkono wa kulia ukaenda shingoni wenyewe, wa kushoto ukashuka kwenye nyuzi. Shemeji akaacha kucheka. Akasema alimfundisha gitaa alipokuwa na miaka kumi, Binti akaacha ndani ya wiki mbili, na yeye siku zote alidhani ni uvivu. Kumbe gitaa lake la mkono wa kulia ndilo lililokuwa limegeuka.

Wakakaa pale pale, Shemeji akimwonyesha pa kuweka vidole. Nilisubiri kiti changu kwa zaidi ya saa moja. Mwisho nikaenda kukaa jikoni.

Jumanne, tarehe 13 Agosti

Vidole vimevimba. Naandika kwa shida. Ninaweza kutoa sauti moja ya gitaa, na siyo kila mara.

Leo niliruhusiwa mapema. Nikapitia duka la dawa kununua plasta. Nilipofika barazani nikasikia nyuzi. Nikajua ni Shemeji, ameacha wagonjwa wake na vinywa wazi ili aje kunikomoa. Nikachungulia dirishani.

Alikuwa Binti, peke yake, na gitaa langu. Halijachomekwa popote, maana amplifaya iko chini ya lakiri, kwa hiyo sauti ilikuwa nyembamba kama ya mbu. Lakini ilikuwa muziki. Vidole vyake vilikuwa vinatembea. Nilifurahi, kisha nikaona wivu, kisha nikaona haya, kwa mpangilio huo, ndani ya dakika moja.

Nikakohoa. Akaacha mara moja. Mbele yake kulikuwa na karatasi ya wimbo. Akaigeuza uso chini, akaiwekea kikombe juu. Sikuuliza. Mtu akikuficha karatasi ndani ya nyumba yako, utauliza nini?

Mbinu: nikalichukua gitaa nikalifungia kabatini, kwa hoja kwamba ni langu na mazoezi yangu hayajaisha. Baada ya chakula cha jioni nikalitoa, nikaliacha kitini, nikajifanya nimesahau.

Alhamisi, tarehe 15 Agosti

Mke wangu amekuja kama balozi, na chai mbili. Nikajua kuna jambo.

Binti anataka kulipiga gitaa mwenyewe Jumamosi. Shemeji amekubali kumpisha. Amekubali upesi mno, jambo linalotia shaka. Lakini gitaa la umeme bila amplifaya halisikiki kwenye ukumbi wa watu sitini. Je, nitaikata lakiri?

Nikamweleza utaratibu. Kosa lirekebishwe kwanza, na fundi mwenye kibali. Akasema fundi redio yuko mlangoni. Alikuwa mlangoni kweli. Akaingia, akapiga magoti, akafungua mgongo wa amplifaya, akanusa. Akasema haina kosa lolote. Hizi ndivyo zilivyo, zimetengenezwa kwa ajili ya kumbi, hata muuzaji lazima alinieleza. Nikasema basi ina kosa la kuzaliwa na haiwezi kupitishwa kabisa. Fundi akamtazama mke wangu. Mke wangu akamlipa, akamsindikiza.

Nilipogeuka, Binti alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa amesikia yote. Akasema haina shida Baba, Mjomba atapiga kama tulivyopanga. Akalifuta gitaa kwa khanga ya mama yake, akalirudisha kitini mwangu taratibu.

Afadhali angekasirika. Mtu akikasirika kuna cha kumjibu. Nilikaa na fomu yangu mkononi, nikaisoma tena, sikupata kosa ndani yake, na bado sikujisikia vizuri.

Jumamosi, tarehe 17 Agosti

Naandika mambo kama yalivyotokea.

Viti nimepanga mimi. Sitini na vinne. Amplifaya niliipeleka vilevile, sijui kwa nini. Mke wangu alipouliza ni ya nini, nikasema huenda viti vikapungua. Gitaa alilibeba yeye. Sikumuuliza la nini.

Walikuja majirani, walimu wake wa zamani, kinyozi, jirani wa juu akiwa ameziba masikio kwa pamba kama tahadhari, na muuza samaki wa sokoni ambaye mizani yake niliifunga mwezi wa tatu. Alikaa mstari wa mbele.

Ikafika zamu ya wimbo. Shemeji akakaa kitini mbele, akarekebisha nyuzi za gitaa lake, akaanza kututazama nyuso mmoja mmoja. Binti akasimama kando na karatasi yake. Mikono yake haikuwa na kazi. Ule wa kushoto ulikuwa unachezacheza pajani, vidole vinapiga nyuzi zisizokuwepo. Nadhani hakuna mwingine aliyeona. Mimi kazi yangu ni kuona vitu vidogo.

Shemeji akapiga sauti ya kwanza. Nikajikuta nimesimama. Nikapita katikati ya viti nilivyovipanga mwenyewe, nikampita muuza samaki, nikaifikia amplifaya, nikatoa koleo mfukoni. Nikakata.

Kidonge cha risasi kilianguka sakafuni kikasikika ukumbi mzima. Mashahidi sitini na wanne. Muuza samaki alipiga makofi peke yake.

Nilikuwa nimeandaa maneno, kwamba siwezi kuvumilia kumsikiliza Shemeji sherehe nyingine tena. Hayakuhitajika. Shemeji alikuwa ameshainuka. Akampisha Binti kiti, akamkabidhi gitaa jeusi, akatoa waya mfukoni mwake. Waya wangu, wa gramu mia mbili. Alikuwa nao tangu nyumbani. Huyu mtu hujui umchukie vipi.

Tatizo likajitokeza. Nilipokaza lakiri wiki iliyopita nilikaza kama mkaguzi, na kifundo kilikuwa kimelegea. Ukikiweka kwenye moja, kinapanda chenyewe. Kikafika mbili, jirani wa juu akaikandamiza pamba yake. Lazima mtu akishike. Nikachuchumaa, nikakishika kwenye moja kwa vidole viwili vyenye plasta, na nikakaa hivyo wimbo wote, mbele ya watu, kati ya kiatu cha Binti na soketi ya ukutani.

Kwa hiyo niliusikia wimbo kwa karibu kuliko mtu yeyote.

Ulikuwa unahusu nyumba ambamo kila kitu hupimwa. Sukari, barua, paka wa jirani. Watu walicheka. Ubeti wa pili ulikuwa na mtu anayesimama mlangoni kila Jumatatu na mizani ya ndoana, anapima mfuko wa shule, na ukizidi kilo sita anatoa kitabu kimoja na kukibeba mwenyewe mpaka kwenye geti la shule, mvua inyeshe isinyeshe. Hapo watu hawakucheka. Mke wangu alikuwa ananitazama mimi. Shemeji pia, lakini yeye ni desturi yake.

Nikaelewa mlango ulikuwa umefungwa kwa nini, na karatasi iligeuzwa kwa nini.

Nililia. Mkono wa kulia ulikuwa na kifundo, nikafuta kwa wa kushoto. Makofi yalipoanza Binti akainama kuniuliza kama nimeupenda. Nikamwambia ni mzuri sana, ila kikomo kilikuwa kilo tano na nusu, siyo sita. Akasema tano na nusu ilikataa kukaa kwenye wimbo. Nikamwambia namba haiulizwi inataka kukaa wapi.

Akanibusu kwenye paji la uso. Kifundo kikaniponyoka. Kilipanda hadi nne.

Jumatatu, tarehe 19 Agosti

Ameondoka.

Stendi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Masanduku mawili, mfuko wa mgongoni, na gitaa begani. Alikuwa ameuliza jana kama anaweza kulichukua. Nilimwambia ni zito. Akasema anajua Baba, kilo tano na gramu mia mbili.

Mpakiaji mizigo alikuwa anakadiria uzito kwa kunyanyua kwa mkono. Nilimpa maelezo mafupi kuhusu hatari ya kukadiria. Mke wangu akanivuta koti.

Kisha nikaunyanyua mfuko wa mgongoni kumvika Binti, nao ulikuwa umezidi. Mkono wangu hauhitaji mizani kwa jambo hilo. Nikafungua, nikatoa kitabu kimoja kikubwa, nikaufunga mfuko, nikamvika vizuri. Akanikumbatia. Alinukia sabuni ya nyumbani. Akapanda. Basi likaondoka. Nikapunga mkono mpaka lilipokata kona.

Nilikuwa napunga kwa kitabu. Nilikuwa bado nacho mkononi.

Mke wangu akakichukua, akakifungua. Ndani kulikuwa na barua ya kukubaliwa chuoni, pamoja na vyeti vyote. Shemeji, aliyekuja kuaga, akakimbia na kitabu hadi kwenye basi la saa mbili, akampa dereva na kumwelekeza. Anakimbia vizuri kwa umri wake. Nimemshukuru. Ilichukua nguvu.

Nyumba ina nafasi nyingi ghafla. Sebule ina mlango uliofunguka wazi na hakuna mtu ndani. Nimekaa humo mchana wote bila kazi yoyote. Namkumbuka sana, na bado hajafika hata huko aendako.

Alhamisi, tarehe 22 Agosti

Binti amepiga simu. Barua imefika, amesajiliwa. Amepata wenzake watatu wenye vyombo vya muziki. Nimemtumia kwa posta nakala ya kumbukumbu za Jumatatu zote, ili arekebishe ubeti wa pili.

Amplifaya nimeifunga tena kwa lakiri mpya. Nimejaza pia fomu ya kosa dhidi ya mtu aliyeikata ya kwanza mbele ya mashahidi. Mhusika amekiri. Kwa kuwa ni kosa lake la kwanza katika miaka ishirini na mbili, nimempa onyo.

Jioni Shemeji alikuja. Hakuwa na wa kufanya naye mazoezi. Alikaa kwenye kiti kimoja, mimi kingine, tukaitazama amplifaya. Akasema kama napenda, anaweza kunifundisha kwa gitaa lake, taratibu, la mkono wa kulia. Nikamshukuru. Kilo moja na gramu mia nane. Mtu anajitahidi kwa alichonacho.

Nimetafakari mkasa mzima kwa utulivu na kosa langu nimeliona. Gitaa lilikuwa jepesi mno. Kitu cha kilo tano mtu hutia begani akaondoka nacho. Amplifaya, kilo thelathini na moja, ipo hapa hapa. Haihitaji mwalimu kuliona hilo.

Nimepita dukani. Nyuma kabisa, chini ya turubai, muuza magitaa ana piano. Aliifunika tena haraka, lakini nilikuwa nimeshaiona. Anasema iliingizwa na watu sita na haijawahi kupimwa. Ameniuliza kama najua kupiga piano. Binti anarudi likizo mwezi wa kumi na mbili. Nina zaidi ya miezi mitatu. Watu wamejifunza udereva kwa muda mfupi kuliko huo.

Mizani ya ofisi haifiki uzito huo. Nimeongea na mtu wa mizani ya malori, barabara kuu. Anasema tuilete Jumamosi.